Kiingereza cha Migombani

Chuo cha ualimu kilichukua wasichana mara moja kwa mwaka, na kilichukua wale tu waliomaliza darasa la nane mwaka huo huo. Ukikosa, umekosa. Hakukuwa na habari ya kurudi mwakani na sura ya huruma. Mwalimu wetu alitueleza hayo mimi na mwenzangu, wasichana wawili tuliobaki katika darasa la wavulana, kisha akaongeza jambo lililoninyima raha muda mrefu. Mtihani wa kuingia chuoni hautauliza Kiingereza cha paka yuko chini ya meza. Utauliza maneno makubwa, na baadaye kutakuwa na mahojiano mbele ya bibi wa Kizungu atakayetaka kuyasikia maneno hayo yakitoka vinywani mwetu.

Tulikuwa tukiishi nje kidogo ya Ruiru, katika laini, zile safu za nyumba za wachumaji wa shamba moja la kahawa. Siku zile zilikuwa za emajensi, serikali ya Wazungu ikiwasaka Mau Mau. Mkikuyu kama sisi hakuvuka kutoka shamba hadi shamba bila pasi ya ruhusa, na filimbi ya kafyu ikilia jioni kila mlango ulikuwa umefungwa. Baba yangu alikuwa kizuizini, kambi gani hatukujua. Mama alichuma kahawa, nami nilichuma kila siku nisiyokuwa shuleni, na nilipomtazama akinyoosha mgongo kwa mikono miwili mwisho wa mstari, niliona maisha yangu yote pale mbele. Sikuidharau kazi ya mama. Niliiogopa.

Mwenzangu alikuwa binti wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mtoto mpole, wa kucheka huku amefunika mdomo. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mama alipenda kusema kwamba nilizaliwa nimekunja uso, na kwamba mkunga alinitazama akaniomba radhi.

Maneno yale makubwa hatukuyaandika popote. Kijana wa leo atashangaa, lakini wakati ule karatasi yoyote iliyokutwa mfukoni mwako ilihitaji maelezo, na maelezo ya watu wa laini hayakuwa na soko. Jirani yetu alilazwa ndani kwa sababu ya karatasi ya kufungia sukari ambayo Mhindi wa duka alikuwa ameipigia hesabu zake. Kwa hiyo mwalimu alitupa maneno kwa mdomo, machache kila jioni, nasi tukayabeba kichwani kama maji ya ndoo isiyo na kifuniko, tukiogopa kusemeshwa njiani yasije yakamwagika.

Mahali pa kuyafanyia mazoezi palikuwa chini kwenye migomba, kando ya mto, ambapo kahawa ilikomea. Nyumbani hapakuwa na nafasi, na watoto wa laini walikuwa wanatuiga kwa kelele. Pale migombani mmoja wetu alitangulia kusema neno, mwingine akalirudia, halafu ikaja maana, halafu sentensi. Aghalabu aliyetangulia nilikuwa mimi.

Ili maana isitoroke, kila neno tulilifunga kwa mtu. "Obstinate" tulimpa punda wa mkokoteni wa maji. "Diligent" alikuwa mama yangu. "Reluctant" alikuwa mwenzangu mwenyewe akiamshwa alfajiri, na hakubisha. "Pompous," mwenye majivuno, tulimpa mkuu wa kwetu wa hom gadi, wale wenyeji waliolinda kwa niaba ya serikali, aliyevaa koti zito la jeshi hata jua likiwa utosini na ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kusimama kwanza ili aonekane. Neno "benevolent," mwenye kuwatakia watu mema, tulizunguka nalo laini nzima tukakosa wa kumpa, tukaliacha kwa Mungu.

Aliyesahau neno aliuma tunda bichi la kahawa. Yule aliyetangulia ndiye aliyelichuma na kumwekea mwenzake ulimini, naye alipaswa kulitafuna na kulimeza. Uchungu wake unashika meno mpaka siku ya pili. Sheria hiyo niliitunga mimi, na ilifanya kazi, kwani neno ulilolilipia kwa tunda bichi hukulisahau tena.

Nikikumbuka sasa nashangaa jinsi akili zilizoweza kushika "perseverance" zilivyoshindwa kuona jambo lililokuwa wazi kama mchana. Wasichana wawili wamejificha migombani. Mmoja anasema maneno yasiyojulikana, mwingine anayarudia nyuma yake. Mmoja anamwekea mwingine kitu mdomoni, naye anakimeza kwa taabu. Hakuna mtu mzima wa kwetu ambaye hakujua picha hiyo ni ya nini. Kula kiapo cha Mau Mau kulikuwa kosa la kumpeleka mtu kizuizini, na kulisha watu kiapo kulikuwa kosa la kunyongwa. Sisi tuliona masomo tu.

Walitukuta siku chache kabla ya mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa Jumamosi, Thika, katika shule ya misheni ng'ambo ya mto Chania. Mzungu wa shamba alikuwa amekwisha kutia sahihi pasi zetu, na kilichobaki kilikuwa muhuri wa mkuu wa hom gadi. Mama alikuwa amenifulia gauni la kanisani na kulipiga pasi kwa makaa. Siku hiyo mwenzangu alikuwa amesahau "conceal," yaani kuficha, kwa mara nyingine, nami nilikuwa nimemwekea tunda mdomoni na kumwambia arudie, ndipo majani ya migomba yakafunguka, wakatokea hom gadi wawili.

Mmoja wao tulimjua, aliimba sauti ya nne kanisani. Alituelekezea mkuki.

"Tema," akamwambia mwenzangu.

Kama angetema, wangeona tunda la kahawa, na pengine mambo yangeishia pale. Lakini alishtuka, akameza.

Kituo cha hom gadi kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na uliingia kwa kupita juu ya ubao mmoja. Nilikuwa nimepita karibu nacho maisha yangu yote ya emajensi bila kutamani kukiona ndani. Mkuu alikuwa ameketi nyuma ya meza, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akiwa kazini alipenda kusema Kiswahili, hata na watu wa nyumbani.

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Kahawa, mzee," nikasema.

"Kahawa inakuliwa?"

Hakungoja jibu.

"Na hiyo maneno mlikuwa mnasema?"

"Ni Kizungu, mzee. Ya mtihani. Jumamosi tunaenda Thika."

"Mimi nimefanya kazi na Wazungu kutoka nikiwa kijana," akasema taratibu. "Hiyo Kizungu yenu sijaisikia hata siku moja."

Na alisema kweli. Kizungu alichokisikia yeye kilikuwa cha njoo, nenda, na matusi. Mzungu gani angemwambia "benevolent"?

Hakuwa mjinga lakini, na hilo ndilo lililonitia baridi. Aliamuru mwenzangu atolewe nje mpaka asiweze kusikia, kisha akaniambia niseme maneno na maana zake, moja moja. Nilimwelewa mara moja. Angemwita mwenzangu baadaye, amwulize yale yale, na maana zikipishana, basi si Kizungu. Nikayasema nikiwa nimeshika pindo la gauni. Yeye alikuwa akiyarudia kwa midomo bila sauti, akichagua yale aliyoweza kuyashika. Nilikuwa nimezoea kuyapanga kwa mtiririko mmoja tuliozoea migombani, na ulimi ukafuata mtiririko huo wenyewe, hata nikasikia nimekwisha kusema "pompous."

"Hiyo ni nini?"

Nilitazama vifungo vya koti lake. "Ni mtu mkubwa, mzee. Anayeheshimika."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini mwenzangu alijua maana moja tu ya neno hilo, na maana hiyo ilikuwa imeketi mbele yetu.

Akaletwa. Akaulizwa "diligent," akajibu. Akaulizwa "reluctant," akajibu, japo sauti ilikuwa imebaki ndogo. Halafu mkuu akaegemea mbele.

"Na pombas?"

Mwenzangu alimtazama. Akalitazama koti. Akanitazama mimi, na mimi sikuthubutu kupepesa jicho. Nilisikia mtu akipasua kuni huko nje, na nikaomba Mungu anisamehe yale matunda mabichi yote.

"Ni mtu mkubwa, mzee," akasema.

Hadi leo sijui alilipata wapi jibu hilo, msichana wa kuficha mdomo. Mkuu akajiegemeza nyuma. Nilidhani tumevuka.

"Nani aliwapa hii maneno?"

"Tumesoma shuleni," tukasema pamoja. Mwalimu hatukumtaja. Walimu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Na huko migombani, nani alikuwa anasema mbele?"

"Mimi," nikajibu.

Nilijibu haraka, kwa sauti ya darasani, karibu ninyooshe mkono. Nilikuwa nimeyatolea jasho maneno yale. Nilisikia kama ameuliza ni nani anayejua zaidi, na swali hilo nilikuwa nikilingojea tangu darasa la kwanza. Mwenzangu alinigeukia, na usoni mwake nikaona nilichokifanya.

"Sawa," akasema mkuu. "Huyu ameambiwa arudie, amerudia. Aende mtihani. Wewe unasema mbele. Mwenye kusema mbele hawezi kutoka hapa mpaka bwana shauri akuje akuone mwenyewe."

"Mzee, mtihani ni Jumamosi."

"Nimesikia."

"Nikikosa Jumamosi hakuna mwingine."

Akachukua pasi ya mwenzangu, akaipiga muhuri, akampa. Yangu akaiweka chini ya kikombe cha chai. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na bado niliona kwamba shingo yake ilikuwa imelowa jasho. "Mimi pia niko na watu juu yangu," akasema, lakini hakuwa akiniambia mimi.

Mama alikuja kesho yake, akasimama ng'ambo ya handaki na viazi vitamu ndani ya kitambaa. Hakuruhusiwa kupita ubao. Alimsihi mkuu kutoka kule alikokuwa, bila kulia, kwa ile sauti ya kuombea maji kwa jirani.

"Mzee, huyu ni mtoto wa shule. Wewe unamjua tangu akiwa mdogo."

"Mama, nikimwachilia na ikuwe ni kweli, ni mimi nitaulizwa."

"Na ikiwa si kweli?"

"Basi bwana shauri atamwachilia. Wewe ngoja."

Mama alinirushia viazi juu ya handaki, kimoja kikaanguka kwenye ncha za miti. Akaniambia Mungu ana siku nyingi. Ningekuwa karibu naye ningemwambia kwamba chuo kina siku moja tu, lakini sikutaka hom gadi wanisikie nikimjibu mama yangu.

Jumamosi nilikuwa nikimenya viazi vya hom gadi. Nilisikia treni ya asubuhi ikipiga honi ilipoondoka stesheni ya Ruiru kuelekea Thika, na nilijua mwenzangu yumo ndani, amevaa viatu vya dada yake vilivyotiwa karatasi mbele. Nikafanya mtihani palepale. Nilijiuliza neno, nikajijibu, nikatunga sentensi, nikachukua kiazi kingine. Yule mwimba sauti ya nne alikuwa akinilinda. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli ni Kizungu. Nikamwambia ni Kizungu. Akakuna kichwa. "Basi ni pole," akasema, akaenda kusimama mbali.

Bwana shauri, ofisa wa Kizungu wa wilaya, alifika alasiri jua likiwa limeinama, kijana mwenye uso mwekundu na vumbi la barabarani. Alisikiliza maelezo ya mkuu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza nilikuwa nikifanya nini migombani. Nikamjibu kwa Kiingereza. Nilimpa maneno yote, mazito kwa mepesi, na sikumpunguzia hata moja, kwa kuwa nilikuwa na hasira na hiyo ilikuwa silaha yangu pekee. Akaanza kucheka. Alicheka vizuri tu, bila ubaya, akampiga mkuu begani, akasema msichana huyu anamshinda karani wangu. Akaniambia niende nyumbani. Nikamwuliza kuhusu mtihani. Akatazama saa yake, akasema amesikitika, kwa sasa utakuwa umekwisha. Alikuwa amenisafisha kwa muda mfupi kuliko wa kumenya kiazi, na hakuna mtu aliyekuwa amemwita mapema.

Nilimkuta mama jikoni akipika irio. Akanipa maji ya kunawa. Bado tulikuwa hatujaongea mwenzangu alipoingia, amevua viatu, ameshika kimoja kila mkono. Kafyu ilikuwa karibu. Akaketi juu ya gunia pembeni ya mlango.

"Wamekuachilia," akasema.

"Waliuliza nini?"

Akanitajia. Karatasi ilikuwa na "reluctant," ilikuwa na "obstinate," ilikuwa na "conceal" ambayo safari hii aliikumbuka. Kulikuwa na neno moja tu tusilolijua, na alipolitamka nikaipata maana yake kwa kukisia. Kila neno alilosema nililijibu kabla hajamaliza. Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye sufuria, na nafikiri ndipo alipofahamu hasa kilichochukuliwa.

Nilimwuliza mwenzangu mbona hafurahi.

Alisema kwamba asubuhi, kabla ya karatasi, yule bibi wa Kizungu alisoma majina. Alipofika langu akalirudia. Akauliza wawili hawa si wa shule moja? Huyu wa pili yuko wapi? Aliuliza kwa upole, alikuwa na sauti nzuri, aliinamisha kichwa kumsikiliza.

"Ukamwambia?"

"Nikasema sijui."

Akaviweka viatu chini.

"Akaniuliza kama wewe ni rafiki yangu. Nikasema simjui huyo, memsahibu."

Halafu akanieleza mengine akitazama viatu. Kulikuwa na msichana mwingine aliyekosekana, wa upande wa Makuyu. Mwenzake alipoulizwa yuko wapi, alisema wazi kwamba amezuiliwa kwa mambo ya pasi. Yule bibi akaenda ofisini akapiga simu. Adhuhuri msichana wa Makuyu akaletwa kwa gari, akafanya karatasi yake peke yake katika chumba cha walimu. Makuyu ni mbali kutoka Thika kuliko Ruiru.

"Nilipoona gari nilirudi mpaka mlangoni kwake," akasema. "Nikasimama. Lakini nilikuwa nimeshasema simjui. Angeniuliza kwa nini nilidanganya, na nyuma ya hilo angeuliza nini?"

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, kumpiga labda. Mikono ilikuwa inaniwasha. Mama akaweka mwiko chini.

"Ulijibu vizuri, mwanangu," akamwambia.

Nikamgeukia mama. Nilikuwa tayari kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza.

"Aliyemwuliza jirani yetu baba yako yuko wapi alikuwa na sauti nzuri pia," mama akasema. "Aliuliza kama mtu anayetaka kumsalimia. Jirani akanyoosha kidole, akamwonyesha shambani. Alisema kweli, na tangu siku hiyo sijamwona baba yako." Akamtazama mwenzangu. "Mzungu akiuliza mtu yuko wapi, hujui. Hata mimi ningejibu hivyo. Na niliwafundisha hivyo nyinyi wawili."

Akachukua sahani, akampakulia yeye kwanza.

Nilikula nikiwa nimesimama. Nilikuwa na hasira hata chakula kikakosa ladha, na nilikuwa nikimtafuta wa kumpa hasira hiyo. Nilijiuliza, kama ningekuwa mimi kule Thika, yule bibi ameinama, ananiuliza mwenzangu yuko wapi, ningesema nini? Nilitafuta jibu lingine, tofauti na lake. Filimbi ya kafyu ililia kabla sijalipata.

Alichukuliwa chuoni. Asubuhi ya safari yake nilikuwa nikipalilia mistari iliyo karibu na reli, na treni ilipopita polepole nilimwona dirishani, amepakata sanduku lake la bati, akitupa macho huku na huku juu ya kahawa. Nilijua anamtafuta nani. Niliinama, nikaendelea kupalilia mpaka ikapita.